Utumbo Wangu Uliotangulia Ulaya

Kama una kikohozi kilichokataa dawa zote, na ukikaa kwenye benchi la hospitali watu wa pande zote mbili wanakumbuka ghafla kwamba wana shughuli kwingine, haya nayaandika kwa ajili yako. Sijui kama ugonjwa wako ndio huu wangu. Mimi si daktari, ni fundi simu hapa Mchombe, na nikijaribu kuueleza ugonjwa wenyewe daktari wangu huwa anacheka. Lakini kusubiri nakujua. Kwenye kusubiri hakuna atakayenifundisha kitu.

Jina langu ni Fidelis. Mama anasema nilizaliwa nakohoa. Wenzangu walipokuwa wakiruka mifereji ya mpunga mimi nilikuwa kivulini natafuta pumzi, na ndiyo maana nikaangukia ufundi, kazi ya kukaa. Nimetibiwa kifua kikuu mara tatu. Makohozi yangu hayakuwahi kuonyesha mdudu hata mmoja, lakini mtu anayekohoa damu na kukonda vile ungemtibu nini kingine? Sina kinyongo na walionitibu. Nilichobaki nacho kinyongo ni vile vidonge, vilivyougeuza mkojo wangu rangi ya machungwa na kuniacha pale pale nilipokuwa. Ncha za vidole vyangu zilivimba zikawa kama vifimbo vya ngoma, kucha zikapinda kufuata nyama. Mbavu ungeweza kuzihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara. Watu wakanong'ona ukimwi, nikapima, nikawa sina, wakanong'ona kwamba mashine ni mbovu.

Mke wangu Adelina, mzaliwa wa Katindiuka, alinikubali nikiwa hivyo hivyo. Akiulizwa kwa nini, husema alidhani mapishi yake yatanitengeneza. Asubuhi na jioni alinilaza kifudifudi na kunipiga mgongo kwa viganja ili makohozi yaachie. Alianza kwa huruma, lakini kuna siku alikuwa na hasira zake, na siku hizo makohozi yalitoka vizuri zaidi.

Walionifikisha kwenye jina la ugonjwa wangu ni ndama.

Jirani yetu upande wa bondeni ni Msukuma, Baba Luhende, aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka Kanda ya Ziwa. Sisi wenye mpunga na wao wenye mifugo hatujawahi kukosa neno la kurushiana, hasa mpunga unapochanua. Mwaka ule, kila ndama wake walipopita karibu na kibanda changu cha ufundi, walinijia na kuanza kunilamba: mikono, shingo, hadi kola ya shati. Niliwafukuza, wakarudi. Mmoja alifika mahali akagoma kuondoka, akalala mlangoni kama mteja aliyeahidiwa simu yake leo. Wiki hiyo hiyo ng'ombe wawili wa Baba Luhende wakapotea. Hapo unaona mwenyewe watu walivyojumlisha. Nikaitwa ofisi ya mtendaji wa kijiji kwa tuhuma kwamba nina dawa ya kuvuta ng'ombe.

Chumba kile kilikuwa kidogo na kimejaa. Upande mmoja walisimama vijana wa Kisukuma na fimbo zao, upande mwingine ndugu zangu na mikono iliyokunjwa. Niliogopa kweli. Nimeona mambo madogo kuliko hayo yakiishia kwenye mapanga. Baba Luhende hakupayuka.

"Mimi huyu simchukii," alisema. "Aseme tu kajipaka nini. Ng'ombe hana akili ya kumpenda mtu bure."

Kaka yangu mkubwa, Remigius, alidakia. "Mmeshatulishia mpunga, sasa mnatuita wachawi?"

Nikasimama kujitetea. Badala ya neno kilitoka kikohozi, na nyuma ya kikohozi damu, nyingi, kwenye sakafu ya ofisi ya serikali. Kikao kikaishia hapo. Aliyenipeleka Ifakara ni Baba Luhende huyo huyo, kwa pikipiki yake, mshikaki: yeye mbele, mimi katikati, Adelina nyuma kanishika kiuno nisidondoke. Ng'ombe wake walikuja kuonekana baadaye, wako hai na wazima, ndani ya shamba la mtu mwingine kabisa.

Hospitalini alitupokea daktari mmoja wa kike, kijana. Alipouliza tatizo lilianzaje, Adelina akamwaga yote kwa hasira, pamoja na ndama. "Mume wangu anakufa, daktari, na wao wanasema anavuta ng'ombe!"

Daktari alicheka kidogo. Halafu akaacha kucheka. Aliniuliza shati langu likikaukia jasho linakuwaje. Adelina akajibu kabla yangu kwamba linabaki na mistari myeupe, na yeye huliloweka mara mbili. Daktari akaomba mikono yangu, akavitazama vidole na kucha kwa muda mrefu, akaniandikia rufaa ya Dar es Salaam nikapimwe jasho.

Sikuwahi kusikia kwamba jasho linapimwa. Lilipimwa, likakutwa na chumvi nyingi kuliko jasho la mtu. Ugonjwa unaitwa sistiki faibrosisi. Jina hilo nimeliandika kwa sababu daktari anasema huenda likamfaa mtu, ila sisi nyumbani tunauita ugonjwa wa chumvi. Unazaliwa nao, nusu umepewa na baba na nusu na mama, na wao wenyewe wanaweza wasiumwe hata siku moja. Makohozi yanakuwa mazito kama uji uliolala, yanaganda kifuani, na kilichobaki ni mapafu kuharibika polepole. Alinieleza na jambo jingine: kwamba wanaume wengi wenye ugonjwa huu hawapati mtoto, kwa sababu njia ya mbegu haikujengeka tangu tumboni mwa mama. Adelina alikuwa amekaa pembeni yangu. Kwa miaka yote ya ndoa yetu ukoo wangu ulikuwa ukimwangalia yeye tumbo. Hatukutazamana. Tulipotoka nje alininunulia maji, akanifungulia chupa, akasema, "Kunywa."

Dawa ipo, daktari wa Dar akatuambia, vidonge vinavyofungua njia ya chumvi na maji mwilini. Lakini haimfai kila mtu, na kasoro yangu mimi ilikuwa ya aina ambayo hakuna aliyejua kama itaikubali. Kulikuwa na watafiti ng'ambo walioweza kujua bila kunijaribia mimi mwenyewe. Wangechukua vipande vya utumbo wangu. Ndani yake kuna seli shina, zile ambazo kazi yake ni kuzaa nyingine, na wangezilisha na kuzitunza kama tunavyotunza kitalu cha mpunga, hadi ziote vijitumbo vidogo mno, vya kwangu kabisa. Kisha wangevipa dawa.

"Vikivimba, dawa inakufaa," alisema.

"Daktari, maisha yangu yote kila kilichovimba kimeniletea balaa."

"Hivi vikivimba ni heri. Maana yake maji yameingia, mlango umefunguka. Hapo mpango wa utafiti utakupa vidonge."

"Visipovimba?"

"Tutaendelea na tunachofanya sasa."

Tulichokuwa tunafanya nilikijua: sindano, viganja vya Adelina, na kushuka. Kila masika yaliniacha chini zaidi ya masika yaliyotangulia. Kwa hiyo nikauliza hivyo vipande vinachukuliwa wapi. Akaniambia, kwa sauti ile ile aliyotumia kusema mambo mengine yote, kwamba vinachukuliwa sehemu ya haja kubwa.

"Kinachoumwa ni kifua," nikamkumbusha.

"Najua," akasema.

Kama utafika hapo, sikiliza: haiumi. Inadumu muda wa kupiga soga fupi. Kinachouma ni aibu, kulala ubavu na magoti kifuani mbele ya nesi anayeweza kuwa binti wa dada yako. Niliikodolea macho kalenda ya ukutani hadi wakamaliza. Nyumbani niliwaambia wametoa kipande "tumboni", nikaliacha liishie hapo.

Ilikuwa msimu wa kupandikiza. Watu wakiwa mashambani wameinama, mimi nilikaa kibandani nafungua simu za watu na kila yangu ilipoita niliangusha bisibisi. Daktari wa Dar alipopiga hatimaye alianza kwa kuniuliza hali, halafu hali ya mke wangu, halafu mvua. Nikajua.

"Vimefika vimekufa," alisema. Boksi lilikuwa limekwama mahali, barafu ikaisha.

Sikutegemea kwamba ningeumia vile. Vilikuwa vipande vidogo kuliko punje ya mchele, na bado nilikaa pale kibandani nikiwa nimeishiwa nguvu, kwa sababu kuna sehemu yangu imeshakufa na imefia ugenini. Adelina alilia. Binamu yangu Gaudensi, mtoto wa shangazi na kwa hiyo mtani wangu, alipopata habari alikuja na khanga kajifunga kichwani, anaomboleza kuanzia barabarani. "Jamani utumbo wa Fidelis! Ulikuwa mpole! Haukumkosea mtu!" Akakaa chini mlangoni kwangu, akauliza matanga ni ya siku ngapi na wali uko wapi. Nilicheka hadi nikakohoa, nikakohoa hadi yeye mwenyewe akavua ile khanga na kunishika mgongo. Nilipotulia hakuendelea na utani. Alikaa tu na mimi.

Watafiti walitaka vipande vingine. Nikakataa. Nilisema wazi kwamba sipandi tena kile kitanda. Adelina hakubishana, aliacha kuongea na mimi, jambo ambalo ni zito zaidi. Katikati ya ukimya huo Kaka Remigius akapata habari kamili ya kipande cha kwanza kilitoka wapi, na sijui hadi leo nani alimwambia. Akaitisha kikao cha familia kwa mama, nyumba inayotazamana na yangu.

"Bwana mdogo," alianza, "mimi sijasoma sana, ila najua mtu akiumwa jino hang'olewi ukucha. Wamekuchukua nyama huko nyuma kama vile wewe si mwanamume. Iko wapi?"

"Ilikufa njiani, kaka."

"Ilikufa. Unajuaje kama ilikufa? Na sasa wanataka nyingine, na nasikia anayekusukuma ni mkeo. Miaka yote hii hajaleta mtoto humu ndani, leo ndiye anayejua mwili wa mdogo wangu unahitaji nini?"

Adelina alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama mikononi mwake. Nilimwona ameinama anasubiri maneno yapite, kama alivyosubiri siku zote, na nikaona haya kuliko nilivyoona kwenye kile kitanda.

"Mtoto hakosekani kwa sababu yake," nikasema. "Ni mimi. Ni ugonjwa huu huu. Hata mngenioza wake wanne wangekaa hivi hivi."

Kwa mwanamume wa kwetu, kulisema hilo mbele ya kaka yake na mama yake ni sawa na kuvua nguo. Lakini mimi nguo nilishazivua Dar.

Mama hakuwa ameongea tangu kikao kianze. Aliuliza taratibu, "Hilo jasho la chumvi, hata mtoto mchanga analo?"

"Hata mchanga, mama. Daktari anasema ukimbusu unaionja."

Lazima nieleze kwamba kati ya kaka na mimi kulikuwa na wengine wawili, Skolastika na Benedikto. Wote walikufa kabla hawajatembea, wote kwa kifua. Kila mmoja katika ukoo ana mtu wake aliyemdhania kwamba ndiye aliyewaroga.

"Nilikuwa nikiwabusu paji la uso," mama akasema, "naonja chumvi. Nilidhani ni machozi yangu."

Akajifunika uso kwa khanga. Hakuna aliyethubutu kumgusa. Alipojifunua alimtazama kaka, mimi hakunitazama.

"Aende," alisema. "Wakitaka na mkono, wakate. Aende."

Kwa hiyo, mama unayesoma haya na mwanao anakohoa, hanenepi, na kinyesi chake kina mafuta na harufu kali: mbusu usoni, kisha lamba midomo yako. Usiogope kuonekana umechanganyikiwa. Ukikuta chumvi, nenda ukamwambie daktari hivyo hivyo, hata akicheka kwanza.

Nilikwenda mara ya pili katikati ya masika. Barabara ya Mlimba ilikuwa imefunikwa maji mahali fulani, magari yamekatika, na mimi wakati huo hatua ishirini zilinitosha kwa asubuhi nzima. Kaka alikuja kunisindikiza bila kuombwa. Tulipofika kwenye maji alichuchumaa mbele yangu.

"Panda."

"Kaka, watu wanaona."

"Waone. Panda."

Alinivusha mgongoni, maji yakimfika mapajani, Adelina nyuma na begi kichwani. Nilikohoa kisogoni kwake njia nzima. Katikati ya maji alisema, bila kugeuka, "Nimemwomba radhi shemeji." Nikamkaza mabega, tukavuka.

Safari hii boksi lilifika salama. Walituambia vimeota. Baadaye wakatuambia vinaendelea. Kisha kimya. Mpunga ukachanua, ukaanza kubeba, na familia ikahamia shambani kuamia ndege. Na mimi nilihama nao, nikakaa juu ya dungu, kile kichanja cha kuamia, kwa sababu nyumbani peke yangu nilikuwa naogopa. Wengine walifukuza ndege kwa kupiga kelele. Mimi nilipewa debe na kijiti. Mtandao wa simu ulipatikana kwenye kona moja tu ya dungu, basi simu ilitundikwa hapo na mimi nikalala chini yake. Mimi fundi, niliyewatengenezea wengine simu miaka yote, nikawa naichukia ya kwangu ikinyamaza na kuiogopa ikiita. Nilijiuliza maswali ya kipumbavu. Je, huko viliko vinasikia baridi? Je, na vyenyewe vimerithi ubishi wangu, vimeamua kutovimba?

Kabla jibu halijaja, mwili ukakata tamaa kwanza. Midomo iligeuka rangi. Nilishushwa kwenye dungu nikiwa sijitambui vizuri, na nilipozinduka nilikuwa wodini Ifakara, mpira wa oksijeni puani, mama upande huu na Adelina upande ule. Nasema ukweli: nilikuwa nimeshaanza kuaga. Nilimwelekeza Adelina simu zipi ni za nani.

Siku ya tatu au ya nne hapo wodini, yule daktari wetu kijana aliingia na kompyuta kwapani. Uso wake haukuonyesha kitu. Badala ya kuongea akaanza kutafuta pa kuchomeka waya.

"Daktari," nikasema, neno moja kwa kila pumzi, "sema kwanza. Umeme baadaye."

"Hapana," akasema. "Nataka mwone."

Kwenye kioo kulikuwa na viduara vingi vidogo juu ya rangi ya kijivu, kama mayai ya chura kwenye dimbwi. "Hivi havijapewa dawa," alisema. Tukavitazama. Havikufanya chochote. Vilikaa tu, vimesinyaa, na nilivielewa kabisa. Kisha akafungua picha nyingine. "Na hivi vimepewa."

Mwanzoni vilikuwa vile vile. Nilihisi mkono wa Adelina ukibana bega langu hadi mfupani. Vile vile. Vile vile bado. Nikafumba macho, na nikiwa nimefumba nikasikia mama akivuta pumzi. Nilipofumbua, kimoja cha pembeni kilikuwa kinakua. Kikatanuka, ukuta wake ukawa mwembamba, kikang'aa. Cha jirani yake kikafuata. Halafu vyote, kioo kizima, vinajaa na kusukumana kama wali unaochemka.

Adelina alitoka nje. Alirudi baadaye akiwa amenawa uso.

Mama alisogeza kiti. "Hivyo ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Na uko wapi hapo?"

"Ulaya."

Akaguna. "Umetangulia bila hata kuaga." Kisha akaweka kiganja chake kifuani kwangu, palipokuwa panapanda na kushuka kwa taabu, na macho hayakutoka kwenye kioo. "Rudia," alimwambia daktari. Daktari akarudia. Alirudia hadi betri ikalalamika.

Vidonge havikuja kesho yake. Vilikuja mpunga ukiwa umeshavunwa, na kusubiri huko kulikuwa kubaya kuliko kote, kwa sababu sasa nilikuwa na kitu cha kupoteza. Mtu asiye na tumaini analala. Mimi sikulala, niliogopa nisije nikafa dawa ikiwa uwanja wa ndege. Ikiwa uko kwenye kipindi hicho, usijilaumu ukiwa mkali kwa watu wako. Adelina nilimnunia kwa sababu ya kijiko. Alinirushia.

Vidonge hivi vinataka kuliwa na mafuta, karanga au maziwa. Asubuhi ya kwanza alibisha hodi Baba Luhende na kibuyu, akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Fundi. Ndama wangu wamekula chumvi yako bure muda wote. Kunywa na wewe."

Kuanzia siku hiyo maziwa hayajakosekana kwangu. Mwaka huu ng'ombe wake wameingia tena kwenye mpunga wetu na tumegombana tena, lakini kibuyu kimekuja.

Jioni ya dozi ya kwanza nilidhani nakufa. Makohozi yalianza kutoka, mengi, mepesi, bila kukoma, kana kwamba kifua kinahamisha vyombo. Nilikuwa nimeonywa, na bado niliita padre moyoni. Yaliendelea hivyo siku kadhaa. Adelina alibadilisha ndoo na kunihesabia pumzi, na kila alipodhani sioni alikuwa anapiga ishara ya msalaba.

Sijapona. Nikiacha vidonge ugonjwa unarudi, na mapafu yaliyokwisha haribika hayatengenezeki. Mpango huu ni wa utafiti, na utafiti una mwisho wake. Siku hiyo naiogopa na sioni haya kusema. Vijitumbo vyangu bado viko huko, vimegandishwa. Waliniomba ruhusa ya kuvijaribia dawa nyingine, kwa ajili ya watu wenye kasoro kama yangu ambao bado hawajajulikana, na nikakubali. Kaka Remigius anasema kama vinafanya kazi Ulaya basi vitume nyumbani chochote.

Jambo la mwisho lilitokea baada ya ile ndoo kukauka. Ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka, nimelala. Mlango ukaanza kupigwa kama unavunjwa.

"Fideli! Fideli! Adelina, fungua!"

Nilikurupuka, nikafungua. Mama alikuwa peku, khanga moja, mikono ina majivu. Kaka alikuwa anakuja mbio nyuma yake akifunga shati.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Hakuitikia. Alinishika usoni, shingoni, kifuani, akiacha majivu kila alipogusa.

"Mbona hukohoi?"

"Nilikuwa nimelala tu, mama."

"Siku zote nasikia kikohozi chako ndiyo najua kumekucha na wewe upo. Leo nimewasha moto, kimya. Nimechemsha maji, kimya. Nimefagia uwanja wote. Nikasema basi, ameshawafuata wenzake."

Akakaa pale pale kizingitini na kulia kwa sauti. Kaka alisimama hajui aweke wapi mikono. Nikakaa chini karibu naye. Alilia hadi akatosheka, akajifuta kwa pindo la khanga, kisha akaniinamishia sikio.

"Kohoa kidogo," alisema. "Nisikie."

Nikajaribu. Hakikutoka kitu.